Uwezo, Kiasi, Stadi na Hali: Namna ya Kueleza Kazi za Mashine katika Modeli za Pacha wa Kidijitali, kwa Mfano wa Mashine ya Kusaga ya Abuku, West Nile

Ikisiri

Modeli za pacha wa kidijitali katika uzalishaji viwandani hutegemea maelezo ya uwezo wa mashine: mashine inaweza kufanya kazi gani, juu ya malighafi ipi, na kwa masharti gani. Makala haya yanaeleza jinsi maelezo hayo yanavyojengwa katika viwango vya kimataifa, kisha yanachunguza kinachotokea yanapoandikwa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba neno uwezo, kama linavyotumika sasa, limebebeshwa dhana ambazo modeli hizo hazina budi kuzitenganisha, na kwamba mkanganyiko huo una gharama kwa mnunuzi, kwa msagaji na kwa mtunga sera. Mfano unaotumika ni mashine ya kusaga ya nyundo, ya aina inayotumika katika vituo vya biashara vya vijijini kama Abuku, wilayani Koboko. Makala yanapendekeza istilahi nne na kuonesha kuwa sehemu kubwa ya utenganisho unaohitajika tayari imo katika vitenzi na sarufi ya Kiswahili.

Maneno muhimu: pacha wa kidijitali, uwezo wa mashine, istilahi, sarufi ya Kiswahili, West Nile

Utangulizi

Mtu anayenunua mashine ya kusaga huuliza swali moja kabla ya yote: mashine hii ina uwezo gani? Muuzaji atajibu kwa kilo kwa saa. Mwingine atajibu kwa nguvu za mota. Wa tatu atasema kwamba inasaga mahindi, mtama na muhogo. Majibu yote matatu ni sahihi kwa Kiswahili cha kila siku, na hakuna hata moja linaloweza kuwekwa mahali pa jingine. Kilo kwa saa ni kiasi. Nguvu za mota ni sifa ya kifaa. Kusaga mahindi, mtama na muhogo ni kazi. Mazungumzo ya dukani hayaharibiki kwa sababu hiyo, kwani muuzaji na mnunuzi wanaonana na wanaweza kuulizana tena. Maelezo yakishawekwa katika mfumo wa kompyuta ambao utachagua mashine bila mtu kuuliza mara ya pili, tofauti hizo huwa ndizo kila kitu.

Suala hili limeacha kuwa la wahandisi wa mbali. Uganda ilizindua mkakati wake wa taifa wa Mapinduzi ya Nne ya Viwanda mwaka 2020. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia utekelezaji wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya lugha rasmi ya Jumuiya. Mikondo hii miwili, wa viwanda na wa lugha, huendeshwa na ofisi tofauti ambazo ni nadra kukutana. Inakutana katika sentensi inayoeleza mashine inaweza kufanya nini.

Pacha ni nini

Dhana ya pacha wa kidijitali kwa kawaida huhusishwa na Michael Grieves, aliyeiwasilisha katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002 akizungumzia usimamizi wa maisha ya bidhaa. Jina lenyewe lilipata nguvu kupitia John Vickers wa NASA, na likaonekana katika nyaraka za mipango ya shirika hilo mwaka 2010. Kwa upande wa uzalishaji viwandani, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango cha ISO 23247 mwaka 2021, chenye sehemu nne. Kwa ufupi, pacha wa kidijitali ni uwakilishi wa kidijitali wa kitu halisi kinachohusika na uzalishaji, ambao husawazishwa na kitu hicho kwa data. Vitu hivyo si mashine pekee. ISO 23247 inahesabu pia wafanyakazi, malighafi, mchakato, jengo, mazingira, bidhaa na hati. Kuwamo kwa wafanyakazi kutakuwa na umuhimu mkubwa huko mbele.

Sitiari ya pacha ina walakini kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki. Kulwa na Doto wa Tanzania, Wasswa na Kato wa Buganda, huzaliwa pamoja, hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha kila mmoja huishi maisha yake. Pacha wa kidijitali hana maisha yake. Akikatiwa data hubaki picha ya zamani, na hapo hastahili tena jina la pacha. Hata hivyo neno limeshika, na upatanisho wa sarufi wa kiumbe hai, yaani pacha wa na pacha yule, umeshika pamoja nalo. Kulipinga sasa ni kupoteza muda ambao ungefaa kutumika penye tatizo kubwa zaidi, ambalo ni neno uwezo.

Uwezo katika viwango

Katika kiwanda cha mtindo wa zamani, mpango wa kazi hutaja mashine kwa namba: hatua ya nne ifanyike katika mashine ya saba. Mashine ya saba ikiharibika, mpango wote husimama. Wazo la maelezo ya uwezo ni kuvunja kamba hiyo. Mpango hautaji mashine. Unataja kazi inayohitajika, kwa mfano kutoboa tundu la milimita 8, lenye kina cha milimita 20, katika alumini. Upande wa pili, kila mashine ina pacha wake, na pacha huyo ana orodha ya kazi ambazo mashine inaweza kuzifanya, pamoja na mipaka yake. Mfumo hulinganisha uwezo unaohitajika na uwezo unaotolewa. Penye ulinganifu, kazi hupelekwa.

Ujerumani ndiko wazo hili lilikofanyiwa kazi zaidi. Mtandao wa Plattform Industrie 4.0 uliunda muundo unaojulikana kwa kifupi kama AAS, ambao kwa Kijerumani huitwa Verwaltungsschale, yaani ganda la usimamizi: bahasha ya kidijitali inayobeba kila taarifa ya kifaa katika moduli ndogondogo. Tangu mwaka 2020, taasisi iitwayo Industrial Digital Twin Association inasimamia moduli hizo, na miongoni mwake imo inayohusu maelezo ya uwezo. Muundo huo hutenga tabaka tatu. La kwanza ni uwezo wenyewe: kauli isiyofungamana na mashine yoyote kwamba kazi fulani inaweza kufanyika na kuleta matokeo fulani. La pili ni utekelezaji wa uwezo huo katika mashine fulani, wenye amri za kuanza, kusimama na kuendelea. La tatu ni huduma, ambapo uwezo huingia sokoni ukiwa na bei, muda wa kukabidhi na masharti ya mkataba.

Jambo linalomhusu mwanaisimu ni kwamba mfumo haulinganishi maneno. Kila dhana hupewa namba ya utambulisho, na maneno ya lugha mbalimbali huning'inizwa kwenye namba hiyo pamoja na fasili yake. Lugha yoyote inaweza kuingia. Sharti ni moja tu: dhana mbili zenye namba mbili zisipewe neno moja, maana mtu anayejaza fomu kwa lugha hiyo hataweza kujua anajaza ipi. Hapo ndipo Kiswahili kinapokwama.

Mizigo ya neno uwezo

Neno uwezo limetokana na kitenzi weza, na maana zake ni pana. Ni nguvu ya kufanya jambo. Ni mamlaka. Ni mali: mtu mwenye uwezo ni mtu mwenye fedha. Katika Kiswahili cha kiufundi na cha kiutawala neno hili limeongezewa kazi nyingine, kwa kuwa linatumika kufasiri maneno mawili tofauti ya Kiingereza, moja likimaanisha aina ya kazi inayowezekana na jingine likimaanisha wingi wa kazi inayowezekana. Kijerumani hutenga Fähigkeit na Kapazität. Kiswahili cha ofisini huandika uwezo, halafu uwezo.

Anayetaka kuona matokeo yake asiende mbali. West Nile imepokea wakimbizi wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, na kambi ya Lobule imo Koboko kwenyewe. Penye wakimbizi pana miradi, na penye miradi pana maneno kujenga uwezo. Mradi unaosema utajenga uwezo wa wasagaji wa kata fulani unaweza kumaanisha kuwafundisha, kuwaletea mota kubwa zaidi, kuwaongezea mashine, au kuwapa mtaji. Maana zote nne ni Kiswahili safi. Bajeti zake hazifanani hata kidogo, na mkaguzi anayekuja baada ya miaka mitatu hana njia ya kujua ahadi ilikuwa ipi.

Kuna mzigo mwingine, wa kale zaidi. Katika Kiswahili cha pwani, kusema fulani hawezi ni kusema kwamba ni mgonjwa. Kauli hiyo ikihamishiwa kwenye mashine inaonesha pengo ambalo wahandisi hulichukulia kwa uzito: mashine haiwezi kwa sababu haikuundwa kufanya kazi hiyo, au haiwezi kwa sababu leo imeharibika? La kwanza ni la kudumu, na ndilo linalohusu uwezo. La pili ni hali ya siku, na pacha aliyesawazishwa vizuri huibadilisha kila saa. Lugha inayotumia neno moja kwa yote mawili itampa mpangaji orodha ambamo mashine mgonjwa na mashine isiyofaa zimekaa pamoja.

Mashine ya kusaga ya Abuku

Abuku ni kata ya wilaya ya Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005 na inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Wenyeji wake wengi ni Wakakwa, jamii inayopatikana katika nchi zote tatu. Mtu wa Koboko anayejishughulisha na biashara huishi kati ya Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kiswahili, Lingala na Kiingereza, na vipuri vya mashine hupita katika lugha hizo zote kabla ya kufungwa mahali pake. Kwa sababu hiyo mfano wa Abuku unafaa zaidi kuliko mfano wa kiwanda cha Kampala, ambako Kiingereza kinatosha kuficha tatizo.

Mashine inayozungumziwa hapa ni mfano uliotungwa kwa ajili ya maelezo, lakini ni wa aina ya kawaida kabisa. Watu wengi katika Afrika Mashariki hawaiiti hata kwa jina lake kamili. Husema wanapeleka mahindi mashineni, kana kwamba hakuna mashine nyingine duniani. Ndani yake mna vipande vya chuma viitwavyo nyundo, vinavyozungushwa na shafti kwa kasi kubwa. Nafaka huingia kwa juu, hupigwa na nyundo, na hutoka kupitia chekeche la chuma. Ukubwa wa matundu ya chekeche ndio unaoamua unga uwe laini kiasi gani. Mashine huendeshwa kwa injini ya dizeli au kwa mota ya umeme kupitia mkanda.

Maelezo ya uwezo wa mashine hiyo yangeandikwaje? Sentensi kwamba inasaga mahindi haitoshi. Kusaga kwa kupiga hutegemea ukavu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa sababu za uhifadhi na usalama; na msagaji naye, kwa sababu zake mwenyewe, anajua kwamba mahindi mabichi huziba chekeche. Kwa hiyo uwezo wa kusaga una sharti la kuingilia, yaani ukavu, na una tokeo lenye kipimo, yaani ulaini unaotokana na chekeche lililofungwa. Ukibadilisha chekeche, uwezo uleule umepata kipimo kipya. Ukibadilisha injini, uwezo haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kiasi kwa saa.

Muhogo unaonesha jambo hili waziwazi zaidi. West Nile ni nchi ya muhogo, na unga wake huchanganywa na wa mtama au ulezi. Mashine ya nyundo husaga makopa, yaani muhogo uliokaushwa. Muhogo mbichi haiuwezi. Huo huhitaji mashine ya kukwaruza, kisha kukamuliwa. Mtu anayeandika katika jedwali kwamba mashine ina uwezo wa kusaga muhogo, bila kutaja ukavu, ameunganisha mashine mbili zisizohusiana. Na kuna hatari iliyo kubwa kuliko chekeche lililoziba. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi inayopunguzwa kwa kuloweka, kuchachusha na kukausha kabla ya kusaga. Kusaga makopa yasiyotayarishwa vizuri hakuondoi sumu iliyobakia humo. Maelezo ya uwezo yanayosema kwamba kituo fulani kinachakata muhogo, ilhali kinachofanyika pale ni kusaga tu, yanamwahidi mnunuzi wa unga jambo ambalo mashine haikulifanya. Kitenzi chakata, ambacho kimependwa sana katika hati za miradi, kinastahili kutazamwa kwa mashaka kila kinapojitokeza bila orodha ya hatua.

Kisha huja suala la hali. Kwa miaka mingi umeme wa West Nile ulitoka katika mtandao wake wenyewe, uliotengwa na gridi ya taifa na kuendeshwa na kampuni ya WENRECo tangu mwaka 2003. Kituo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kilianza kuzalisha mwaka 2012. Vituo vingi vya biashara vya vijijini vilikuwa nje hata ya mtandao huo. Msagaji anayetegemea dizeli ana mashine yenye uwezo uleule Jumatatu na Ijumaa, lakini Ijumaa huenda hana mafuta. Katika pacha kamili, hali hii ingesomwa na kihisi. Abuku haina sababu ya kungoja vihisi. Maelezo ya uwezo ndiyo sehemu ya pacha isiyohitaji umeme wala intaneti ili yaandikwe: yanahitaji mtu anayeijua mashine, karatasi, na maneno yasiyogongana. Hali ya siku inaweza kuongezwa baadaye kwa ujumbe mfupi wa simu. Mpango unaoanza na vihisi na kumalizia na maneno umeanzia mwisho.

Stadi ni ya nani?

Tabaka la pili la muundo wa Ujerumani, yaani utekelezaji wa uwezo, huleta swali ambalo waundaji wake hawakulazimika kulijibu kwa namna inayohitajika hapa. Katika kiwanda chenye roboti, utekelezaji ni programu. Katika mashine ya kusaga, utekelezaji ni mkono wa msagaji: anavyopunguza nafaka inayoingia anaposikia injini inalemewa, anavyojua kwa kugusa kwamba makopa hayajakauka, anavyogeuza nyundo zilizolika upande mmoja ili zitumike upande wa pili. Mashine bila yeye ina uwezo usiotekelezeka.

Neno ujuzi limependekezwa mara kwa mara kwa tabaka hili, lakini lina kasoro: ujuzi ni wa anayejua, na programu haijui. Ufundi una kasoro ya kinyume, kwa kuwa ni wa fundi na kazi yake yote, si wa tendo moja. Neno stadi, lililozoeleka shuleni katika stadi za lugha na stadi za maisha, linafaa zaidi. Ni la tendo mahususi, lina wingi usiobadilika, na haliamui kama mtendaji ni mtu au programu. Watakaopinga watasema kwamba stadi ni ya binadamu. Kwa mashine ya Abuku, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa kuwa ISO 23247 tayari inawahesabu wafanyakazi miongoni mwa vitu vya kuwakilishwa, hakuna kizuizi cha kiufundi cha kuandika kwamba uwezo wa kusaga umebebwa na mashine, na stadi ya kuutekeleza imebebwa na msagaji. Kizuizi, kikiwapo, ni cha mazoea: orodha za mali za miradi huandika mashine na kuwasahau watu.

Vitenzi vilivyokwishakuwapo

Ili uwezo ulinganishwe, kazi zenyewe lazima ziwe na majina yaliyopangwa. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 8580 hugawa njia za uundaji katika makundi makuu sita: kuumba umbo la kwanza, kubadili umbo, kutenganisha, kuunganisha, kupaka tabaka, na kubadili sifa za maada. Inadhaniwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya eneo hili. Ukweli ni kwamba kinayo, na mengi ni ya zamani kuliko viwango. Kusubu ni kumimina chuma kilichoyeyuka katika kalibu, na hilo ni kundi la kwanza. Kufua na kukunja ni la pili. La tatu ni tajiri: kukata, kutoboa kwa kekee, kuranda, kupiga tupa, na kukereza, yaani kuchonga kitu kinachozungushwa katika kerezo. Kulehemu ni la nne. Kupaka ni la tano. Kundi la sita tu ndilo lisilo na neno lililotulia.

Penye nafaka Kiswahili kinaizidi hata DIN 8580 yenyewe. Kiwango hicho kinahusu uundaji wa vitu vigumu vyenye umbo la kijiometria, kwa hiyo kusaga nafaka kumo nje yake kabisa. Mashine iliyoenea kuliko zote katika vijiji vya Afrika Mashariki haina nafasi katika mgawanyo unaonukuliwa zaidi. Kiswahili, kwa upande wake, hutofautisha kupura, kupepeta, kukoboa, kutwanga, kuparaza, kusaga na kuchekecha, kila kimoja kikiwa na tokeo lake. Kuparaza ni kusaga kwa chembe kubwa. Kutwanga hufanyika kinuni kwa mchi. Kukoboa huondoa ganda na kuiacha punje. Mwingereza ana kitenzi kimoja anachokitumia kwa kusaga mahindi na pia kwa kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka. Mtafsiri anayetoka Kiingereza asipoangalia ataleta utata ambao Kiswahili hakikuwa nao.

Sarufi nayo ina mchango. Kiambishi hu- hueleza tendo la kawaida lisilofungwa na wakati: mashine hii husaga makopa. Kauli hiyo ni tofauti na inasaga makopa, ambayo huweza kuelezea kinachotokea sasa hivi. Hu- inakaribia sana maana ya uwezo kama viwango vinavyouelewa. Kauli ya kutendeka nayo hutenga upande wa pili wa ulinganisho: makopa husagika ni sifa ya malighafi, mashine husaga ni uwezo wa kifaa, na mfumo unachokifanya ni kukutanisha -sagika na -saga.

Ila kuna mipaka miwili inayomzuia mtunga kiwango asiegemee hu- peke yake. Hu- haina ukanushi wake. Kinyume cha husaga ni haisagi, na haisagi hurudisha utata wa hawezi: haikuundwa hivyo, au leo imegoma? Kwa kukanusha uwezo inabidi kuandika kwa urefu, haina uwezo wa kusaga. Mpaka wa pili ni wa kijiografia. Hu- ni nadra katika Kiswahili cha bara ya mbali. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo mazoea huoneshwa kwa viambishi tamati kama -ka au -ga, na wasemaji wengi wa Uganda hutumia -na- kwa yote. Fomu itakayosomwa Koboko haiwezi kuegemeza maana yote kwenye kiambishi ambacho msomaji wake hakitumii. Hu- ifae katika fasili. Vichwa vya safu viwe nomino.

Istilahi nne na mahali pa kuzipeleka

Kutokana na hayo, nomino nne zingetosha kwa kuanzia. Uwezo ubaki kwa aina ya kazi pamoja na masharti na tokeo lake, na usitumike kwa kingine chochote ndani ya hati za kiufundi. Kiasi kitumike kwa wingi kwa muda, daima kikiwa na malighafi na kipimo: kiasi cha kilo fulani za mahindi makavu kwa saa, kwa chekeche fulani. Stadi iwe ya utekelezaji, na itajwe ni ya nani. Hali iwe ya sasa: nzima, mbovu, haina mafuta. Huduma, tabaka la tatu la muundo wa Ujerumani, haihitaji istilahi mpya. Maana yake ya kibiashara imeshaeleweka. Neno ujazo, ambalo baadhi ya watafsiri hulitumia kwa kiasi, liachiwe matangi na magunia.

Uzoefu wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi unaonesha kwamba maneno yanayotungwa na vyombo tofauti bila kushauriana huishi pamoja kwa miongo bila lolote kushinda kwa haraka. Katika mazungumzo hasara yake si kubwa. Katika mfumo unaolinganisha mashine ni kubwa, kwa sababu mafundi wawili watajaza nafasi moja kwa maana mbili na hakuna atakayegundua. Viwango vya Afrika Mashariki bado huchapishwa kwa Kiingereza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, BAKITA kwa Tanzania, na Shirika la Viwango la Uganda vina kila sababu ya kukaa meza moja kuhusu istilahi hizi kabla hazijaingia sokoni kupitia programu zilizotafsiriwa harakaharaka. Kwa kuwa kila dhana hubeba namba, Kikakwa na Kilugbara vinaweza kuwekewa maneno yao kwenye namba zilezile. Kiswahili hapo kingekuwa lugha ya kupatanisha, bila kulazimika kumnyang'anya msagaji wa Abuku lugha anayoitumia kuzungumza na mteja wake.

Fomu yenyewe ingeweza kuwa ukurasa mmoja kwa kila mashine. Maofisa wa wilaya ndio watakaotaka kuijaza, na wataijaza kutoka kwenye kibati cha mtengenezaji kilichopigiliwa ubavuni mwa mashine. Kibati hicho hueleza mashine ilipokuwa mpya, ikiwa na chekeche la kiwandani na mahindi makavu ya majaribio. Safu ya uwezo na ya kiasi zijazwe mbele ya msagaji, kwa chekeche lililofungwa sasa, na yeye azisomewe kwa lugha anayoielewa kabla hazijatiwa saini. Mahali ambapo maelezo yake yanapingana na kibati, yaandikwe yote mawili.

Linabaki kundi la sita la DIN 8580, kubadili sifa za maada bila kubadili umbo, kama afanyavyo mfua chuma anapolizamisha jembe jekundu majini ili liwe gumu. Maneno kama kukaza na kuimarisha yana kazi nyingine nyingi mno. Wafua chuma wanaotengeneza majembe na visu kwa vyuma chakavu hulifanya tendo hilo mara kwa mara, na lazima wanaliita kwa jina fulani, kwa Kiswahili, kwa Kilugbara, kwa Kikakwa au kwa Kinubi. Kamati ya istilahi ingefaa iende kuwauliza kabla ya kubuni neno.